Timu Ikifungwa Silali, Nyumbani Naogopwa: Je, Huu ni Ugonjwa?

*"Dokta, shikamoo. Mimi ni fundi pikipiki hapa Moshi, nina miaka 36, mke na watoto wawili. Jumamosi iliyopita timu yangu ilipigwa na watani zetu, tena siyo kwa bahati mbaya. Ilicheza hovyo: beki anapiga pasi kwa mpinzani, kipa anatoka halafu anarudi, mabao manne. Nilitoka kibanda umiza dakika ya 80 nikarudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu akanitengea ugali, nikaisukuma sahani, mchuzi ukamwagika mezani. Usiku sikulala. Nilikuwa nayarudia yale mabao kwenye simu, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Kufika saa tisa nikawa nawaza kwamba hata gereji yangu haina mwelekeo na maisha nimeshayaharibu. Asubuhi wenzangu wakaanza utani, nikamtukana mmoja matusi ambayo sijawahi kumtukana mtu. Hela niliyokuwa nimeweka kidogo ikaenda pia. Kinachoniuma zaidi ni binti yangu wa miaka saba. Siku hizi timu ikicheza, nikiingia ndani hanisalimii kwanza, anauliza: 'Baba, wameshinda?' Mke anasema niache mpira. Rafiki yangu anasema nitoe hasira zote, zikiisha nitakuwa sawa. Mama anasema ni mpira tu, mwanaume mzima nawalilia watu wasionijua. Je, mimi ni mgonjwa? Niache mpira?"*

Marahaba, mdogo wangu. Nashukuru hukuitaja timu yako. Ungeitaja, nusu ya wasomaji wangeishia hapo, na nusu nyingine wangeendelea kusoma huku wanacheka.

Unauliza kama ni mgonjwa, lakini nikikusoma vizuri, kilichokufanya uandike ni lile swali la mtoto mlangoni. Nikujibu la kwanza kwanza: kuumia timu yako ikifungwa si ugonjwa. Kinachokumaliza ni unayoyafanya kati ya filimbi ya mwisho na asubuhi, na hayo yanarekebishika bila kuacha mpira. Lipo jambo moja tu katika barua yako lililonifanya nikae vizuri kitini, nawe umelipitia kwa sentensi moja fupi. Nitalifikia.

Nianze na mama. Kwa heshima zake zote, hilo la "ni mpira tu" mwili wako haulijui. Mwaka 1994, Brazil ilipoifunga Italia kwa penalti kwenye fainali ya Kombe la Dunia, watafiti Marekani walipima mate ya mashabiki wa pande zote mbili waliokuwa wakitazama mechi kwenye televisheni. Kwa mashabiki wa Brazil, homoni ya testosteroni ilipanda kwa zaidi ya robo. Kwa wale wa Italia ilishuka kwa kiasi kama hicho hicho. Hao ni watu waliokaa kwenye viti, hakuna hata mmoja aliyegusa mpira. Kwa hiyo ukiamka Jumapili umelegea, huna hamu ya kazi wala ya chakula, usijione mtoto. Ni damu yako.

Sasa tuingie kibanda umiza. Umekaa kwenye benchi, mpinzani anaingia kwenye boksi lenu. Ubongo hautofautishi sana hatari inayokukabili wewe na hatari inayowakabili watu wako. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, sukari inaongezeka kwenye damu. Mwili umeshajiandaa kupigana au kukimbia, nawe umekaa. Huwezi kumkaba yule mshambuliaji, huwezi kumtoa kipa. Hali hiyo inapanda na kushuka kwa dakika tisini, na timu inapocheza hovyo inapanda tu. Adrenalini ina kawaida ya kushuka upesi jambo likiisha, lakini ipo homoni nyingine, kortisoli, ambayo hubaki kwenye damu saa moja na zaidi. Ndiyo maana ulikuwa umeshatoka, umeshatembea, umeshafika nyumbani, na sahani ya ugali ikatengwa mbele ya mtu ambaye mwili wake ulikuwa bado dakika ya 80.

Kwa nini wewe uumie hivyo, na jirani yako mwenye jezi ile ile alale fofofo? Katika miaka ya 1970, Robert Cialdini na wenzake waliwachunguza wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Waliona kwamba timu ya chuo ikishinda wikiendi, Jumatatu wanafunzi wengi zaidi huja darasani na nguo zenye nembo ya chuo. Ikifungwa, nguo zinabaki kabatini. Shabiki wa juu juu ana mlango huo wa kutokea. Wewe huna. Ulishaiingiza timu ndani ya jina lako, pengine tangu ukiwa na umri wa binti yako, kwa hiyo ikipigwa huwezi kuivua.

Hapo ndipo mawazo ya saa tisa usiku yanapotokea. Watafiti wengine wa Marekani waliwafuatilia mashabiki sugu wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Indiana. Baada ya timu kufungwa, mashabiki hao walijikadiria kufanya vibaya wao wenyewe: kwenye mafumbo ya maneno, kwenye kurusha mishale, hata kwenye kukubaliwa na msichana. Timu imefungwa, yeye anajiona hawezi. Gereji yako Jumamosi asubuhi ilikuwa na wateja wale wale, deni lile lile na spana zile zile ilizokuwa nazo saa tisa usiku. Kilichobadilika ni macho yaliyokuwa yanaitazama. Hukumu yoyote kuhusu maisha yako inayokujia usiku wa kufungwa, iahirishe. Ikifika Jumanne na bado ipo kweli, ifanyie kazi.

Rafiki yako anayesema "toa hasira zote" ana wenzake wengi, na hapa sitaki kumung'unya maneno: ushauri huo ni mbovu. Umechunguzwa kwa miaka mingi. Watu walioruhusiwa kupiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walitoka wakiwa na hasira zaidi kuliko waliokaa tu kimya. Hasira haikai ndani ikisubiri kumwagwa iishe. Ukiirudia inazoeleka na inapata njia. Kinachoishusha ni kushusha mwili wenyewe: pumzi ya taratibu, kukaa, maji, usingizi. Matusi uliyomtolea mwenzako hayakukupunguzia kitu. Yalikuongezea deni la kuomba radhi, na radhi hiyo kamwombe kesho, mbele ya waliosikia.

Ndivyo ilivyo hata kwa simu. Timu ikishinda, akili inafunga hesabu. Ikifungwa inabaki inauliza: kama yule beki angebutua nje? Kama kocha angemtoa mapema? Unadhani ukitazama tena utapata jibu, kumbe kila unapolitazama bao mwili unalipokea upya kabisa. Kwenye kibanda ulifungwa mara nne, kitandani ukafungwa mara arobaini. Juu yake weka lile kundi la WhatsApp ambako saa sita usiku kuna watu walioamka kwa kazi moja tu ya kuchokoza. Na mtu ambaye hakulala ana breki fupi. Yule fundi mwenzako alikutana na breki hizo.

Niseme kidogo kuhusu utani, maana naona umeuelewa vibaya, na si wewe peke yako. Umesema watani, kwa hiyo nakisia timu yako ni mojawapo ya zile mbili za Kariakoo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba 1936, na tangu hapo hakuna upande ambao haujawahi kutafuta shimo la kujificha. Tarehe 6 Mei 2012 Yanga walipigwa mkono, tano bila. Walivumilia vidole vitano barabarani kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka tarehe 5 Novemba 2023 walipoirudisha tano kwa moja. Hii si dharau, ni foleni. Na huko kwetu Kilimanjaro, Wachagga na Wapare mnajua utani una masharti: mtani anakucheka leo, kesho ukifiwa ndiye anayefika mapema na kuchota maji. Anakucheka usoni, akikuona umeumia kweli anaacha. Asiyekujua anayekutumia picha za kejeli usiku hana masharti hayo, kwa hiyo usimhesabu kuwa mtani. Mnyamazishe. Ila watu wa gereji ni watani wa kweli. Siku ukifungwa tena, ingia umeshajitania mwenyewe kabla hujavua koti, wanunulie chai, uone kama utani utafika saa nne.

Sasa nyumbani. Mtoto wa miaka saba akiuliza "wameshinda?" kabla ya shikamoo, hajali mpira. Anapima hali ya hewa. Anataka kujua leo ni siku ya kukurukia au ni siku ya kukaa chumbani na kaka yake. Watoto wanajifunza jambo hili haraka sana, na likikaa miaka, mtoto anakua akiwa mlinzi wa hasira za watu wazima. Hujaandika kwamba umempiga mtu, nami nakuamini. Lakini sahani iliyosukumwa mbele ya mtoto ni somo tosha.

Upo utafiti mmoja wa Marekani ninaoutumia mara nyingi na wanaume wanaokuja kuniona. Waliangalia taarifa za polisi na matokeo ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Timu ya nyumbani ilipotarajiwa kushinda halafu ikafungwa, ukatili wa wanaume kwa wake na wapenzi wao majumbani uliongezeka kwa takriban asilimia 10. Ilipofungwa katika mechi ambayo watu walitarajia iwe ngumu, ongezeko halikuonekana. Marekani si Moshi, na mpira haumfanyi mtu mpole kuwa mpigaji. Ila zingatia hapo: kilicholipuka si kufungwa, ni kufungwa wakati ulishajihakikishia. Wiki nzima kabla ya mechi unasikiliza uchambuzi redioni, kijiweni mnahesabu mabao mtakayowapiga, mpaka Jumamosi umeshashinda tayari kichwani. Basi mwanzo wa tiba ni Alhamisi. Mwambie mkeo na binti yako kwa mdomo wako, kabla ya mechi: "Tunaweza kufungwa hii. Tukifungwa nitakuwa kimya, lakini sijakasirika na mtu hapa." Inaonekana ndogo. Mtoto anaielewa vizuri sana.

Na baada ya filimbi? Jipe muda kabla ya mlango. Tembea polepole, si kwa hasira, maana mwendo wa kasi wa mtu aliyekasirika unampandisha tu. Ukifika, kaa nje, vuta pumzi kwa pua, itoe taratibu kwa mdomo, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, dakika tano. Kunywa maji, osha uso. Ukiingia, salamu ya binti ndiyo ya kwanza, uanze wewe. Kula hata kama ni nusu. Simu ichajiwe sebuleni mpaka asubuhi, na kundi la mashabiki lizimwe sauti tangu dakika ya 85 kama mnapigwa. Bia au mbege ya kusahau iache usiku huo. Inakulaza mapema na kukuamsha saa nane, kichwa kikiwa kimerudi kwenye mabao yale yale. Usitegemee haya yakubali mara ya kwanza. Utasahau hatua moja, utachungulia simu. Endelea tu na mechi inayofuata.

Mkeo anasema uache mpira. Namwelewa, yeye ndiye anayefuta mchuzi. Hesabu pia inampa haki kiasi: watafiti wa Uingereza waliokuwa wakiwauliza watu hali zao kupitia programu ya simu waliona machungu ya kufungwa ni karibu mara mbili ya furaha ya kushinda. Kwa hesabu hiyo, shabiki wa timu inayoshinda nusu na kufungwa nusu anafunga msimu na hasara. Lakini hesabu hiyo imeacha kitu nje. Faida ya ushabiki haipo kwenye matokeo tu, ipo kwa watu unaokaa nao kwenye benchi. Fundi wa miaka 36 mwenye familia ana sehemu ngapi za kukutana na wanaume wenzake wakacheka na kulia bila kikao cha mchango? Nimewaona walioacha mpira kwa kiapo. Wengine walirudi kwa kificho baada ya mwezi, na kificho kikawa tatizo jipya. Wengine waliacha kweli na wakabaki wapweke. Kwa hiyo sikwambii uache. Nakwambia upunguze kwa muda: mechi mbili tatu kubwa zijazo, itazame na mtu mmoja mtulivu badala ya kibanda kilichofurika, au usitazame ya moja kwa moja, ukasome matokeo baadaye. Ukishindwa hata hilo, yaani ukijikuta huwezi kukaa bila kutazama, hiyo nayo ni taarifa ya kunifikishia mimi au mwenzangu.

Nilikuahidi nitafika kwenye ile sentensi. "Hela niliyokuwa nimeweka kidogo ikaenda pia." Hujasema kiasi. Hujasema kama mkeo anajua. Katika barua ndefu hivyo, yenye dakika, sahani na mchuzi, mahali pa hela umeandika "kidogo" ukapita.

Ukiwa na mkeka, yaani tiketi ya beti, kwenye timu yako mwenyewe, bao la mpinzani linaingia mara mbili, kwenye moyo na kwenye mfuko, na mwili hauwezi kukutenganishia lipi ni lipi. Inawezekana ule usiku wa saa tisa ulikuwa wa mpira kidogo na wa ada ya shule zaidi. Hatari kubwa inakuja mkeka ukishachanika: wazo la kurudisha hela kwa mechi ya kesho yake, kwa dau kubwa zaidi. Mtu aliyetoka kufungwa ana hukumu mbovu, tumeshaona, na ndiyo saa anayobeti vibaya kuliko zote. Kwa hiyo sharti langu kwako la kwanza, kabla ya pumzi na kutembea, ni usiibetie timu yako kamwe, na usibeti chochote ndani ya siku mbili baada ya kufungwa. Jiulize pia, kwa ukweli, ukiwa peke yako: nimewahi kukopa ili nibeti? Nimewahi kumdanganya mke kuhusu hela hiyo? Nimewahi kuongeza dau ili nirudishe lililopotea? Nikijaribu kuacha, nakuwa mkali na sikai? Hata "ndiyo" moja kati ya hizo inatosha kukufanya utafute mtu wa kuongea naye. Wakati ukimtafuta, futa programu ya kubeti kwenye simu na peleka hela ya wiki kwenye VICOBA au kwa mkeo kabla ya Jumamosi.

Kuhusu moyo kudunda hadi masikioni: mara nyingi ni ule msukumo wa homoni niliouelezea, na hutulia. Lakini una miaka 36 na sijui lini ulipima presha, kwa hiyo nenda kituo cha afya ukapime wiki hii. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, siku ambazo Ujerumani ilicheza, wagonjwa wa dharura za moyo katika eneo la Munich walikuwa mara 2.66 ya kawaida, na walioongoza ni wale waliokuwa na ugonjwa wa moyo tayari. Ukisikia kifua kinabana kama kimewekewa uzito, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, jasho la baridi, pumzi ikakatika, usisubiri filimbi. Ni hospitali, usiku huo huo.

Na njoo ana kwa ana, usiniandikie tena, kama huzuni na kukosa usingizi vitapita wiki mbili hata timu ikianza kushinda, kama lile wazo la saa tisa litageuka kuwa kutotaka kuishi (hapo ni siku hiyo hiyo, na usibaki peke yako), kama pombe inaongezeka, kama umejibu "ndiyo" kwenye maswali ya beti, au kama mkono utainuka kwa mtu yeyote nyumbani. Mkeo naye ajue kwamba Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili yake, na kwenda huko si kukusaliti. Kwa huduma ya afya ya akili, Moshi una KCMC na Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi. Msomaji wa Arusha aanzie Mount Meru. Nenda siku ya kazi asubuhi na kadi ya bima kama unayo, uliza kliniki ya afya ya akili, na mapokezi wakikuuliza shida ni nini, huna haja ya kueleza habari za mpira. Sema hulali na una hasira. Hayo mengine utamweleza mtaalamu ndani, na timu yako utamtajia ukipenda.